Mchanga Mweusi Kwenye Disketi ya Mama

Enzi zetu, mtoto wa Majengo ya Thika alijulikana kwa mifuko yake. Mvulana ungemgeuza ukamkuta na bano, zile gololi za kioo, na uzi wa kishada. Msichana ungemkuta na blada, ile kamba ya kuruka tuliyoiunga kwa vipande vya tyubu ya baiskeli. Lakini kitu ambacho hakikukosekana kwa yeyote ni sumaku. Fundi wa redio aliyekuwa na kibanda karibu na msikiti, spika ikimshinda, aliipasua akatutupia lile duara jeusi la ndani, nasi tukaligombania kama kuku na mtama. Ukishalipata unalifunga kwa kamba, unaliburuta njiani baada ya mvua, linarudi limeota ndevu za mchanga mweusi. Mchanga huo tuliuweka kwenye vikopo vya mafuta ya nywele. Hakuna aliyejua ni wa kazi gani. Ilitosha kwamba wako ni mwingi kuliko wa jirani.

Thika ya miaka ya tisini ulikuwa mji wa harufu. Upepo ukitoka upande mmoja ulikuletea mananasi yanayochemshwa, ukageuka kidogo ukakuletea ngozi mbichi, na mama zetu walianua nguo kwa kufuata pua. Alasiri tulicheza kati, ule mchezo wa kukwepa, kwa mpira wa karatasi za nailoni hadi adhana ya magharibi, na aliyechelewa kuingia ndani alijua kinachomngoja. Betri za redio zilipoisha nguvu tulizianika juu ya bati, nazo zikafufuka tukasikiliza salamu jioni nyingine mbili. Rafiki yangu Njoki aliishi ploti ya pili na cucu wake, yaani nyanya yake. Kwao nilikula githeri hadi tumbo likawa ngoma. Kwetu, mwezi wa Ramadhani, Njoki alikuwa wa kwanza kufika, ingawa hakufunga hata siku moja, na Mama alimwekea kaimati zake kwenye sahani ya pekee. Krismasi kwao ilikuwa chapati, na siku hizo chapati ilikuwa chakula cha kungojwa mwaka mzima. Wanafunzi wangu wa leo wananunua chapati njiani, wanakula nusu, nyingine wanaitupa. Nikiwaeleza wananitazama kama mtu aliyepigana vita.

Mama yangu, Halima, alikuwa sekretari katika shule ya sekondari ya wasichana pale mjini. Baba alifanya kazi kiwanda cha nguo hadi kiwanda kilipopunguza watu, kisha akaenda Ngoliba kulima nyanya kwenye shamba la rafiki yake. Tulimwona mwisho wa wiki, akiwa na vumbi jekundu hadi kwenye nyusi, na mwaka ambao mvua ilikataa tulimwona amenyamaza. Kwa hiyo nyumba ilisimama kwa vidole vya Mama. Na vidole hivyo vilikuwa na sifa. Watu waliopita nje ya ofisi yake walisikia taipureta ikilia kama mvua ya mawe, wakasema Mama Rehema yuko kazini, Rehema nikiwa mimi. Mitihani yote ya shule alikuwa akiichapa kwenye karatasi za nta zinazoitwa stensili, kisha ikaviringishwa kwenye mashine ya kutoa nakala. Alirudi nyumbani ananukia wino, na kwenye kucha zake kulikuwa na ile rangi ya waridi ya kufutia makosa. Watoto wengine mama zao walinukia kitunguu. Wangu alinukia mtihani.

Halafu kompyuta ikaja. Wazazi wa shule walichanga, ikaletwa ndani ya masanduku mawili, ikawekwa kwenye chumba chake chenye zulia na pazia, na mtu akiingia alivua viatu. Mwalimu mkuu, mama mmoja mrefu aliyeitwa Madam Wanjeri, hakuwa mtu mbaya, lakini hakuwa mtu wa kubembeleza. Alimwita Mama ofisini akamwambia maneno ambayo Mama aliyarudia kwetu mezani, akiiga hata sauti. "Halima, mimi sikufukuzi. Lakini mashine haitakungoja." Alimpa muhula mmoja. Baada ya hapo, kama Mama hangeweza kuitumia, bodi ingetafuta msichana aliyesomea.

Mama alikuwa amekaribia miaka arobaini. Sikuwahi kumwona akiogopa kitu, si nyoka, si mkaguzi wa shule, lakini juma lile alichoma wali mara mbili. Ndipo mwalimu mmoja akamwelekeza kwa Atieno.

Atieno alitoka Kisumu na alikuwa na chumba cha juu mjini Ruiru, juu ya duka la misumari na mabati. Mlikuwa na kompyuta tatu, moja ikiwa imekufa lakini haikuondolewa kwa sababu ilijaza chumba. Alikuwa mwanamke mnene, mpole, mwenye kucheka kabla hujamaliza sentensi. Kila Jumamosi asubuhi Mama alipanda matatu kwenda Ruiru, na kila Jumamosi adhuhuri alirudi na kurasa za daftari zilizojaa amri. Programu yao ya kuandikia haikuwa na picha wala mshale wa kuelekeza. Ilikuwa skrini nyeusi yenye maandishi, na kila jambo lilitaka ubonyeze vitufe viwili vitatu kwa mpango wake. Mama alizikariri amri hizo kama tulivyokariri Kurani chuoni, kwa sauti ya kuimba, huku akisukuma chapati au akifua. K na S ni kuhifadhi uendelee. K na D ni kuhifadhi ukamaliza. K na B ni kuweka alama mwanzo. Mimi na Njoki tulizishika tukazifanya wimbo wa kurukia blada, na majirani waliosikia walidhani ni Kiarabu.

Alijifunza. Ilimchukua Jumamosi nyingi na machozi ambayo alidhani sikuyaona, lakini alijifunza. Muhula wa pili ulipokaribia mwisho, Madam Wanjeri aliamua mitihani ya shule nzima ichapwe kwa kompyuta. Ndio uliokuwa mtihani wa Mama mwenyewe. Alichapa kidato cha kwanza hadi cha nne, masomo yote, na Ijumaa jioni kazi ilikuwa imekwisha, imebaki kutolewa kwenye karatasi Jumatatu. Shule ilikuwa imewahi kuibiwa mitihani, kwa hiyo mwalimu mkuu aliagiza kisibaki kitu ndani ya mashine. Kila kitu kiende kwenye disketi moja, na disketi hiyo isilale shuleni. Mama aliileta nyumbani ndani ya mkoba, imefungwa kwa leso safi kama dhahabu ya harusi, akaiweka kwenye kabati la vyombo, rafu ya juu.

Kwa vijana ambao hawajaiona, disketi ilikuwa kibapa cha plastiki kinachoenea kiganjani, chenye mlango mdogo wa bati unaoteleza, na mgongoni kijiduara cha chuma. Mimi nilikuwa na miaka kumi. Nilikuwa nimeona zile za Ruiru zikitoka mkobani na kurudi, na nilichotaka kujua ni kitu kimoja tu: kile kijiduara cha chuma.

Jumamosi asubuhi Mama alikwenda Ruiru kama kawaida. Njoki alikuja. Nilipanda kiti, nikaishusha disketi, nikaifungua leso. Nilipoisogeza sumaku yangu karibu, ikakishika kijiduara kile kwa nguvu iliyonifurahisha. Tukaweka disketi juu ya meza, Njoki akapita chini na sumaku, na disketi ikaanza kutembea peke yake juu ya mbao. Ilikwenda mbele, ikarudi, ikazunguka kikombe. Tulicheka hadi tukakaa chini. Tuliipa hata jina la dereva. Kisha tukachoka, nikaipangusa kwa gauni langu, nikaifunga leso vilevile ilivyokuwa na kuirudisha juu. Sikujua kwamba nimefanya kosa. Nilidhani kosa lilikuwa kupanda kiti.

Jumatatu Mama alirudi akiwa amechelewa. Alikaa kwenye kiti bila kuvua buibui, akasema, "Disketi imekufa." Akatueleza taratibu, kana kwamba anajieleza mwenyewe, kwamba mashine ilinguruma, ikanguruma tena, ikasema haioni kitu. Alikuwa amempigia Atieno kwa simu ya ofisi, na Atieno akamwambia vitu viwili huua disketi upesi: joto na sumaku. Aliposema sumaku nilihisi masikio yakiwaka moto. Niliinuka nikasema nakwenda msalani. Kule nilitoa sumaku mfukoni nikaitupa shimoni. Nilipotoka Mama alikuwa anachagua mchele, ameinamisha uso. Hakuniuliza kitu.

Mitihani ilikuwa ianze Alhamisi. Karatasi za mkono za walimu bado zilikuwepo, kwa hiyo Mama alirudi kwa taipureta yake ya zamani na stensili. Jumanne na Jumatano nilitoka shuleni kwangu nikaenda moja kwa moja ofisini kwake, nikakaa kando ya meza na kumsomea maswali kwa sauti ili macho yake yasitoke kwenye kazi. Nilisoma historia, nikasoma jiografia, nikasoma maneno ya kemia ambayo sikuweza kuyatamka, naye akanirekebisha bila kuinua kichwa. Vidole vyake vilivimba. Jumatano jioni, stensili ya mwisho ilipotoka, aliuweka mkono wake ndani ya karai la maji akaniambia ahsante, nimemsaidia sana. Hilo neno ahsante lilinichoma kuliko fimbo. Nilitaka kusema ni mimi. Badala yake nikakusanya karatasi za walimu.

Mitihani ilifanyika siku yake. Lakini Madam Wanjeri alitaka barua ya kueleza kilichotokea, ya kuwekwa kwenye faili, na aliitaka imechapwa. Jumamosi iliyofuata Mama aliniambia nivae viatu, twende wote Ruiru. Hakuwa amewahi kunichukua. Njiani nilikuwa na hakika ananipeleka kwa Anti Atieno nikaungame.

Nakumbuka ngazi za mbao, harufu ya rangi kutoka duka la chini, na dirisha ambalo ungeona reli. Atieno alinipa andazi na kunikalisha karibu na dirisha hilo. Mama alikaa mbele ya skrini, akaandika. Aliandika kwa kasi, kama kawaida yake, akahifadhi, kisha akaacha kuandika. Alikaa muda mrefu mikono ikiwa mapajani. Mimi nilihesabu mabehewa ya gari la moshi lililokuwa limesimama. Halafu nikasikia kitufe kimoja kikigongwa mara nyingi polepole, kisha akaandika tena kidogo, akahifadhi, Atieno akaitoa kwenye karatasi. Mama aliikunja akaitia mkobani. Akageuka akamwambia Atieno, "Nataka mtoto huyu naye aguse." Atieno akacheka, akanivutia kiti, akasema kibodi haijawahi kumuuma mtoto. Niliificha mikono yangu chini ya meza. Mama alichukua kidole changu cha shahada, akakiweka juu ya herufi R, akakibonyeza kwa kidole chake. Tukaandika jina langu lote hivyo, herufi kwa herufi.

Tangu siku hiyo nilikwenda Ruiru kila Jumamosi. Mama alipewa onyo na kunyang'anywa ufunguo wa chumba cha kompyuta kwa muhula mzima. Karani wa hesabu ndiye aliyekabidhiwa. Mama hakulalamika, alichapa stensili zake na kuendelea na masomo yake. Muhula wa tatu ulipokwisha, karani alishindwa kutoa ripoti za wanafunzi, na wazazi walikuwa wameshafika langoni. Madam Wanjeri alikuja ofisini kwa Mama, akauweka ufunguo juu ya taipureta, akaondoka. Kabla ya saa sita ripoti zote zilikuwa mikononi mwa wazazi. Mama alidumu kwenye kazi ile hadi alipostaafu. Mimi nilisoma katika shule hiyohiyo, nikaenda chuo, na leo ninafundisha kompyuta katika chuo kidogo mjini Thika na kuishi Kimbo, mwendo mfupi kutoka pale lilipokuwa duka la misumari.

Hayo yote nilidhani nayajua. Kisha mwaka juzi Mama alikuwa anabadilisha bati la nyumba ya Majengo, akanipa kopo la biskuti akisema ni takataka zangu za kompyuta, nizitupe au nizitunze. Ndani mlikuwa na disketi kumi na moja. Niliziweka juu ya meza yangu chuoni, na kabla sijakaa mwanafunzi mmoja alikuwa ameshaweka kikombe cha chai juu ya moja. Nilipoitoa akaomba msamaha kwa dhati. "Pole Madam, nilidhani ni kitu ya kuwekelea." Mwingine akaniuliza inachajiwa wapi. Nikawaambia kwamba kwenye kibapa hicho hauingii hata wimbo mmoja wa simu zao, na kwamba shule nzima iliwahi kufanya mtihani kutoka humo. Wakacheka kwa adabu. Ni watoto wazuri. Simu ikipoteza mtandao kwa dakika tano wanahema kama samaki, lakini ni watoto wazuri.

Niliagiza kisomeo cha disketi kutoka kwa muuza vitu vikuukuu wa Nairobi. Disketi nne zilikuwa zimeota ukungu, tatu zilikataa kabisa. Nne zilisomeka, zikinguruma kwa sauti iliyonisimamisha nywele. Niliona majina ya mafaili, lakini nilipoyafungua kwa programu za leo yalitoka vurugu: herufi ya mwisho ya kila neno iligeuka alama ya ajabu, na mistari ikagongana. Maandishi yalikuwa yanataka programu yao, na programu inataka mashine yake, na mashine hiyo haipo tena duniani ila kwenye makumbusho.

Kuna njia ya kulizunguka hilo. Unaweza kuunda kompyuta ya kuigiza ndani ya kompyuta ya kweli. Vijana wa fani wanaiita mashine pepe. Haina waya wala kasha, ni programu tu, lakini ukiiwasha inaamini kabisa kwamba ni mashine ya miaka ya tisini. Niliipa kumbukumbu ndogo kuliko picha moja ya simu yangu. Niliinakili kila disketi nzima nzima, nikailisha mashine hiyo moja baada ya nyingine, kwa sababu programu ya kuandikia nayo ilikuwa kwenye mojawapo. Ilinichukua wikendi tatu. Mara ya kwanza ilikwama. Mara ya pili ilinitaka niiambie leo ni tarehe ngapi, nikaiambia, ikaikataa kama mtu aliyetukanwa. Jumapili moja mchana, watoto wakiwa nje, skrini nyeusi ikafunguka na orodha ya amri ikajipanga juu. Vidole vyangu vikaanza kuimba vyenyewe. K na S. K na D.

Kwenye disketi ya mazoezi ya Ruiru nilikuta barua. Ilikuwa ya Kiingereza cha ofisini, na maana yake ni hii: "Disketi niliiweka nyumbani karibu na redio yangu, bila kujua kwamba spika ina sumaku. Uzembe ni wangu peke yangu na naomba radhi." Nilisoma nikasikia aibu ya zamani ikinirudia. Maskini, nikasema, alijilaumu bure, aliamini ni redio.

Programu ile ilikuwa na tabia moja nzuri. Kila ulipohifadhi upya, iliweka kando nakala iliyotangulia, kwa jina lilelile lenye mkia tofauti. Nakala hiyo ilikuwepo. Niliifungua kwa mazoea tu, kama mwalimu anavyofungua kila faili. Mwanzo ulikuwa sawa. Kisha ikasema hivi: "Nilipofungua mlango wa disketi nilikuta chembe za mchanga mweusi, ambao binti yangu Rehema huuchezea kwa sumaku. Ana umri wa miaka kumi na hakujua. Naomba shule ielewe kwamba ni mtoto."

Niliisoma mara nyingi. Nilisikia tena kile kitufe kikigongwa polepole, kikifuta, wakati mimi nimekaa hatua tatu kutoka kwake na andazi mdomoni.

Nilikwenda Majengo siku hiyohiyo. Mama ana miaka sabini sasa, magoti yanamsumbua, lakini mikono yake haijalala. Alikuwa anatoa mbegu za boga. Nilimfungulia tarakilishi yangu mapajani kwake, nikamwonyesha. Alivaa miwani akaisoma barua ya kwanza, akaisoma ya pili, na jambo la kwanza alilosema ni kwamba kuna neno la Kiingereza alilikosea.

Nikamwambia, "Mama, ulijua. Kwa nini hukuniuliza?"

Alifikiri kidogo. "Ningekuuliza ungesema kweli, nami ningelazimika kukasirika. Nilikuwa sina nguvu ya kukasirika wiki ile."

Nikamuuliza kuhusu barua, kwa nini alilifuta jina langu wakati ukweli ungemwokoa na onyo. Akasema faili la shule halisahau, na alikuwa ameshaamua kwamba nitasoma pale. Hakutaka mtu alifungue siku moja akute mtoto aliyeua mitihani kabla hajafika. Kisha akaivua miwani.

"Na tena nilikuona ulivyotoka msalani. Mtoto akishaogopa kitu hakigusi tena. Nikasema nikuwahi, uiguse kompyuta kabla hofu haijakauka."

Miaka yote nilidhani alinipeleka Ruiru kwa sababu hakujua. Kumbe alinipeleka kwa sababu alijua. Nyumba ninayoishi, kazi ninayoifanya, wanafunzi wote waliopita mikononi mwangu, vilianzia kwenye kidole kimoja kilichokandamiza kingine juu ya herufi R, na mwenye kidole hicho alilipa kwa ufunguo wake na jina lake.

Siku hizi hakuna kinachopotea. Kazi za wanafunzi wangu zinajihifadhi zenyewe huko mawinguni, na ukibonyeza vibaya unarudisha. Nashukuru kwa hilo, sitamani tena disketi. Lakini hata kosa la mtoto nalo halipotei. Linapigwa picha kabla machozi hayajakauka, linatumwa kwa makundi ya shangazi na majirani, watu wanaweka vicheko, na mtoto anakua akiwa amelibeba. Enzi zetu wazazi walikuwa wakali, fimbo tulizijua, wala sitasema uongo kwamba kila kitu kilikuwa kizuri. Lakini kulikuwa na watu walioweza kulijua kosa lako, wakalifuta kimya kimya, wakaenda sokoni kununua sukuma wiki kana kwamba hakuna kilichotokea. Nawatazama vijana wangu darasani na kujiuliza ni nani anawafutia.

Nilimshika Mama mkono, mkono uleule uliovimba kwa stensili, nikamwambia ahsante. Nilitaka kusema mengi zaidi, nilikuwa nimeyapanga tangu Kimbo. Yeye alinitazama, akasukuma kando ungo wa mbegu, akaniuliza kama nimekula.